Kabla ya kuuliza ni hisa ipi itapanda

Anayefungua akaunti ya hisa Nairobi hukutana na ubao wenye kampuni zaidi ya 60: benki, bima, saruji, mashamba ya chai, kampuni za umeme, magazeti, hata shirika la ndege. Swali linalomjia upesi ni "ninunue ipi?", na wa kumjibu hawakosekani. Binamu anasifia benki fulani. Kundi la WhatsApp linanong'ona kuhusu kampuni iliyolala miaka mingi na sasa eti inaamka. Gazeti linataja hisa iliyopanda kuliko zote wiki hii.

Swali hilo ni halali, ila limewahi. Kuna jingine linalopaswa kulitangulia, na katika masoko yetu hilo hufuta majina mengi kuliko kipimo kingine chochote: siku nitakayotaka kuiuza hisa hii, mnunuzi atakuwepo? Anayefuata kampuni kubwa za New York hana sababu ya kuliwaza sana, maana wanunuzi na wauzaji wapo kila dakika. Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali hali ni nyingine, na mafunzo mengi ya biashara ya hisa yanayotufikia yaliandikwa kwa ajili ya soko la kule. Ndiyo maana yanaanza na michoro ya bei na kuruka jambo ambalo kwetu ndilo la kwanza.

Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kununua na kuuza ndani ya wiki au miezi. Anayeweka hisa miaka kumi akisubiri gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, anaweza kuvumilia kampuni ambayo haiuziki kwa urahisi, kwa sababu hana haraka. Wewe mwenye haraka huwezi.

Gharama ndiyo chujio la kwanza

Nairobi, ada ya dalali pamoja na tozo za soko, za mamlaka ya mitaji na za hifadhi ya hisa hufika kwa jumla karibu asilimia 2 ya thamani unaponunua, na karibu hivyo tena unapouza. Dar es Salaam ni karibu hivyo hivyo. Watu hulisikia hili wakalipuuza, kwa hiyo tulifanyie hesabu.

Tuseme kuna hisa ambayo mnunuzi anayetoa bei ya juu kabisa anatoa shilingi 19.80, na muuzaji anayekubali bei ya chini kabisa anataka 20.20. Wewe unataka hisa 1,000 sasa hivi, hivyo unalipa 20.20. Hiyo ni shilingi 20,200, ongeza ada ya 404, jumla 20,604. Ili fedha hiyo irudi mfukoni nzima baada ya ada ya kuuza, lazima uuze kwa karibu shilingi 21.05. Lakini wanunuzi wako kwenye 19.80. Kwa hiyo bei yao inabidi ipande zaidi ya asilimia 6 kabla hujapata faida ya hata shilingi moja. Soko la Nairobi haliruhusu bei ya hisa kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, ndipo uone ukubwa wa mlima huo.

Sasa chukua hisa nyingine ya bei ileile, ambayo mnunuzi yuko kwenye 19.95 na muuzaji kwenye 20.00. Ukifanya hesabu hiyohiyo, kinachohitajika ni kupanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 4. Kampuni inaweza kuwa nzuri au mbaya, hiyo haijaingia bado. Tofauti yote imetokana na pengo kati ya wanunuzi na wauzaji. Hisa yenye pengo pana inakudai kabla hujaanza. Ifute kwenye orodha yako hata kama hadithi yake ni tamu.

Tangu Novemba 2021 NSE, yaani soko la hisa la Nairobi, inaruhusu kununua na kuuza hisa ileile ndani ya siku moja. Kwa gharama hizi sioni kwa nini anayeanza aikimbilie nafasi hiyo.

Kuisoma orodha ya bei ya jioni

Kila siku ya kazi, soko likishafungwa, orodha ya bei hutolewa. Wengi huangalia safu moja tu, ya bei iliyopanda au kushuka. Safu ya maana zaidi kwako ni ile ya idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo.

Kusanya siku 20 za soko kwa kila kampuni unayoifikiria. Kwanza hesabu ni siku ngapi hisa haikuuzwa kabisa, au iliuzwa kiganja tu. Kisha zipange siku hizo kuanzia yenye mauzo madogo hadi yenye makubwa, uchukue ya katikati. Usitumie wastani. Mfuko wa pensheni ukiamua kumuuzia mfuko mwingine furushi kubwa siku moja, wastani unaharibika wote. Hisa iliyouzwa 2,000 kwa siku 19 na milioni 3 siku moja ina wastani wa karibu 152,000 kwa siku, idadi ambayo mtu wa kawaida sokoni hakuiona hata mara moja. Siku ya katikati inakwambia ukweli: 2,000.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: kiasi unachotaka kununua kisizidi sehemu ya kumi ya mauzo ya siku ya katikati. Kikizidi, siku ya kutoka wewe mwenyewe ndiye utakayeishusha bei. Hisa ya mfano huu inakuruhusu hisa 200 tu.

Jina kubwa halitoshi kukuhakikishia mnunuzi. BAT Kenya ni kampuni ya sigara inayojulikana kila kijiji, lakini hisa zake zote ni milioni 100, na asilimia 60 ziko mikononi mwa kampuni mama. Standard Chartered Kenya nayo karibu robo tatu ya hisa zake ni za kampuni mama ya London. Zilizobaki nyingi zimeshikwa na watu wasiouza, wanaosubiri gawio. Ilinganishe na Safaricom yenye hisa zaidi ya bilioni 40. Kwa miaka mingi serikali ya Kenya ilishika asilimia 35 na kundi la Vodafone karibu 40, na hata hiyo robo iliyobaki kwa umma ilikuwa hisa kama bilioni 10. Ndiyo sababu Safaricom na benki za Equity, KCB na Co-operative haziishi kutajwa na wanaofanya biashara ya kila siku: kuingia na kutoka kunawezekana.

Kuna jambo dogo kwenye orodha hiyo linalowachanganya wengi. Bei ya kufunga ya Nairobi ni wastani wa bei zote za siku ukipimwa kwa idadi ya hisa zilizouzwa. Mauzo ya mwisho kabla ya saa tisa alasiri yanaweza kuwa yalifanyika kwa bei tofauti kabisa. Ukiona hisa imefunga kwa 20, usidhani kesho asubuhi utaikuta 20 inakusubiri.

Ukishapima mauzo, angalia kama hisa yenyewe iko huru kuuzwa. Biashara ya hisa za Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020, wakati serikali ilipokuwa ikipanga kulitaifisha shirika hilo, na haikufunguliwa mpaka Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mwenye hisa hizo aliziona kwenye taarifa ya akaunti yake kwa shilingi 3.83 na hakuweza kumuuzia mtu yeyote sokoni. Huyo hatimaye alifunguliwa mlango. Kampuni ya saruji ya ARM iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018, Mumias Sugar ikaingia mikononi mwa mpokezi, yaani msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai, Septemba 2019, na wanahisa wao walibaki na karatasi. Zote mbili zilikuwa zimewahi kupendwa sana na wawekezaji wadogo. Dalili hazikujificha: hasara mwaka baada ya mwaka, madeni yanayopita mali, hesabu zinazochelewa kutolewa, wakaguzi wanaoandika kwamba wana shaka kama kampuni itaendelea kuwepo. Ukiona moja ya dalili hizo, anayeanza hana biashara hapo. Wapo wanaopata fedha kwa kununua kampuni zinazozama zikaibuka, lakini hao husoma mikataba ya mikopo na wana mtaji wa kupoteza.

Hisa za senti zinastahili onyo lake. Home Afrika iliingia sokoni 2013 kwa shilingi 12, na miaka baadaye ikawa inauzwa kwa senti. Bei ya senti 40 inavutia kwa sababu shilingi 10,000 inakupa hisa elfu 25 na unajiona tajiri wa hisa. Lakini ikishuka senti moja tu umepoteza asilimia 2.5, na hisa ambazo mauzo yake ni madogo ndizo zinazosukumwa kwa urahisi na watu wachache wenye fedha kidogo. Mnong'ono wa WhatsApp huzihusu hizi mara nyingi kuliko Safaricom, na sababu ni hiyohiyo: hakuna kundi la WhatsApp linaloweza kuisukuma Safaricom.

Uweze kusema kinachoisogeza

Vichujio hivyo vikishapita, Nairobi utabaki na majina kama kumi au kumi na tano. Hapa ndipo kazi ya kufikiri inapoanza, na ndipo pananipendeza zaidi. Kwa kila jina lililobaki, jaribu kueleza kwa sentensi moja au mbili ni nini kinachoisogeza bei yake. Ukishindwa, ama ukajifunze au ulifute.

Chukua Safaricom. Mwaka 2021 hisa yake ilikaribia shilingi 45. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya 15. Katika kipindi hicho chote Wakenya waliendelea kutuma fedha kwa M-Pesa na kampuni iliendelea kupata faida. Aliyeangalia mitaa tu na kuona jinsi huduma inavyotumika hakuelewa kinachoendelea. Sehemu kubwa ya waliokuwa wakinunua na kuuza Safaricom ilikuwa mifuko ya kigeni. Riba zilipopanda Marekani, mifuko hiyo ilirudisha fedha kwao. Dola zikawa adimu Nairobi na shilingi ikadhoofika, hivyo kila aliyechelewa kuondoka alipoteza zaidi. Juu ya hayo, kampuni ilikuwa inamwaga mtaji Ethiopia, ambako ilizindua huduma rasmi Oktoba 2022. Kwa hiyo anayeifuata Safaricom inambidi afuate vitu vitatu: dola, wageni wanavyoingia na kutoka, na Ethiopia. Nani anapiga simu mtaani kwake si habari tena.

Kenya Power ni somo zuri zaidi. Kampuni hii ina mikopo mikubwa ya fedha za kigeni. Shilingi inapodhoofika, deni hilo linavimba likihesabiwa kwa shilingi, na uvimbe huo unaingia kwenye hesabu kama hasara. Katika mwaka ulioishia Juni 2023 ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Februari serikali ikauza hati mpya za Eurobond, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, na kununua sehemu ya zile zilizokuwa ziive Juni, hofu ya nchi kushindwa kulipa ikapungua, na ndani ya wiki chache dola ikawa karibu shilingi 130. Mwaka ulioishia Juni 2024 Kenya Power ikatangaza faida ya shilingi bilioni 30. Matokeo hayo yalitoka miezi mingi baada ya shilingi kupata nguvu. Aliyejua kinachoisogeza kampuni hii aliiona sababu mapema, wazi, kwenye ubao wa duka la kubadilishia fedha, wala hakuhitaji siri ya mtu wa ndani.

BAT ina ushuru wa sigara kwenye muswada wa fedha wa kila mwaka. EABL, watengenezaji wa bia, ina ushuru wa bia na bei ya nafaka. Kampuni za saruji zina ujenzi wa serikali na bei ya umeme. Hizi ni rahisi kuzifuata, sizifafanui zaidi.

Benki zinahitaji neno refu, kwa sababu orodha za wanaoanza hujaa benki. Nairobi kuna benki kama 11 sokoni, nyingi zina mauzo mazuri, zinalipa gawio, na mtu anaziona za kuaminika. Mtu anaweka Equity, KCB, Co-op, NCBA na Absa, akidhani ana hisa tano tofauti. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria ya kuweka kikomo cha riba za mikopo, isizidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Siku iliyofuata hisa za benki zilianguka kwa pamoja, baadhi zikikaribia kile kikomo cha asilimia 10 kwa siku. Mwenye benki tano hakuwa na pa kukimbilia. Kikomo kilipoondolewa Novemba 2019, nazo zikapanda pamoja. Kwa anayeanza, benki mbili zinatosha kwenye orodha ya majina matano au sita. Zichague zinazotofautiana kweli: Equity yenye biashara kubwa Kongo, kwa mfano, na nyingine ambayo mapato yake karibu yote ni ya Kenya.

Kinachobaki ni kalenda, na hii ni sababu nyingine ya kuwa na orodha fupi, kwani kalenda ya kampuni sitini haifuatiliki. Benki za Kenya hutangaza matokeo kila robo mwaka: ya mwaka mzima kufikia mwisho wa Machi, kisha mwisho wa Mei, Agosti na Novemba. Safaricom hufunga hesabu Machi 31, hivyo matokeo ya mwaka hutoka Mei na ya nusu mwaka Novemba. EABL, KenGen na Kenya Power hufunga Juni 30. Kampuni yoyote inayoona faida yake itashuka kwa asilimia 25 au zaidi kulinganisha na mwaka uliopita inalazimika kutoa tahadhari kwa umma kabla ya matokeo, na matangazo hayo huongezeka kuelekea mwisho wa mwaka wa hesabu. Andika tarehe hizi kando ya kila jina.

Tarehe ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, ile inayoamua nani atalipwa gawio, nayo iandikwe. Hapo ndipo wageni wa soko hunaswa: wanasikia gawio nono, wananunua dakika za mwisho, kisha bei inashuka kwa karibu kiasi cha gawio lenyewe mara tu wanunuzi wapya wanapokosa haki ya gawio hilo. Gawio linakatwa kodi ya asilimia 5, ada ya kununua imeshalipwa, na sasa wana hisa iliyoshuka. Na kwa kuwa malipo Nairobi hukamilika siku tatu za kazi baada ya mauzo, anayenunua siku yenyewe ya kufunga hata jina lake halimo.

Kwa wasomaji wa Tanzania, njia ni hii hii ila chujio ni kali zaidi. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, TOL, ya gesi za viwandani. Leo lina kampuni chini ya 30, na sita kati ya hizo ni za Kenya zilizoorodheshwa huko pia, kama KCB na EABL, ambazo bei zake Dar zinaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa huku Nairobi zikipanda na kushuka. Zifute zote sita kwa mkupuo. Kisha angalia umiliki: kampuni ya sigara ya TCC asilimia 75 ni ya Japan Tobacco, Vodacom Tanzania asilimia 75 ni ya kampuni mama. Ukipima mauzo ya siku ya katikati, mara nyingi utabaki na benki za CRDB na NMB na kampuni nyingine chache za kuhesabika kwa vidole. Orodha ya majina matatu au manne Dar si aibu hata kidogo. Ni soko lenyewe lilivyo. Ila mbili zikiwa benki, ujue unafuata zaidi afya ya mikopo ya Tanzania kuliko kitu kingine.

Orodha ikishakamilika, ifuate mwezi mzima bila kununua. Kwa kila jina andika bei ya mnunuzi, ya muuzaji, idadi iliyouzwa, na habari yoyote ya siku hiyo. Baada ya wiki mbili utaanza kujua siku ya kawaida ya hisa hiyo inavyofanana, na bila kuijua ya kawaida huwezi kuitambua isiyo ya kawaida. Kila robo mwaka rudia hesabu ya siku 20. Hisa ambayo mauzo yake yamekauka itoke, hata kama unaipenda, na kama unayo mkononi anza kuiuza kidogo kidogo wakati wanunuzi bado wapo.

Kampuni mpya inapoingia sokoni kelele huwa kubwa, na hapo nashauri subira. Safaricom iliuzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 5, watu wakakopa benki ili wapate hisa. Ilianza biashara Juni ikiwa juu ya bei hiyo, kisha ndani ya miezi michache ikawa chini yake, na mikopo ikabaki palepale. Ilikuja kuwa hisa yenye mauzo makubwa kuliko zote Nairobi. Aliyesubiri asome matokeo ya kwanza mawili akiwa sokoni, na aone siku zake za kawaida zikoje, aliikuta bado ipo, na kwa bei ya chini kuliko waliopanga foleni.